Muziki Umemfunika

Chumba nilichopanga Sur, huku Oman, kina dirisha linalotazama ukuta wa jirani, na televisheni iliyotundikwa juu mno, ukiitazama kwa muda shingo inakuuma. Mwenye nyumba hakulipia chaneli za mpira. Zilizobaki ni za habari, za mapishi, na moja inayorudia vipindi vya zamani kutwa nzima: tamthilia ambazo waigizaji wake wamekwisha kuwa mababu, nyimbo za watoto, na mashindano ya maswali ya miaka ile niliyozaliwa. Hiyo ndiyo niliyokuwa nikiiwasha nikirudi alasiri, kabla hata ya kuvua viatu.

Nasambaza vipuri vya pampu za maji. Leo Sur, kesho Al Kamil wal Wafi, keshokutwa Nizwa, na pampu ikikwama mashambani Al Hamra napanda mpaka huko. Tangu nimalize sekondari nimefanya kazi nyingi, na karibu zote zimekuwa za barabarani. Nyumba ya wazee wangu iko Ibra, katikati ya njia zangu zote, nami nimezoea kupita pale kama mgeni: nakunywa kahawa, naulizia hali, huku ufunguo wa gari uko mkononi.

Mashindano yale ya zamani hayana makuu. Miji miwili inakaa nyuma ya meza mbili zilizotandikwa kitambaa cha kijani, watu watatu kila upande. Mtangazaji kasimama katikati na kadi zake. Anauliza juu ya dini, miji, milima, anataja nusu ya ubeti na mtu aumalizie. Pointi zimeandikwa kwenye vibao vya mbao, na mkono wa mtu usiyemwona uso unavigeuza. Hakuna anayeruka wala kupiga kelele. Anayeshinda huweka kilemba chake sawa, basi, kama mtu aliyetoka kununua mkate. Lakini ukimtazama vizuri unaona jasho linavyomshuka shingoni, na unaona magoti yanavyotikisa kile kitambaa cha kijani. Mimi nilikuwa nikiyapenda magoti yale kuliko majibu.

Siku moja chaneli ikatangaza kuwa itaanza kurudia mashindano ya miji, pambano moja kila siku baada ya alasiri. Wakaonyesha vipande vipande. Katika kipande kimoja kikapita kibao kilichoandikwa Ibra, na nyuma yake, mwisho wa meza, mtu mwembamba mwenye ndevu nyeusi, kainamisha kichwa. Nilikuwa nimekaa kitandani. Nikasimama.

Yule alikuwa baba yangu. Tulikuwa tumemzika miezi michache nyuma.

Lazima nieleze kwanza ugomvi uliokuwepo nyumbani kwetu, maana bila huo hakuna cha kusimulia. Baba alizaliwa Ujiji, akaja Oman kijana, na Kiarabu chake cha mwanzo kilikuwa bado kina vumbi la huko alikotoka. Mama ni mtu wa Unguja mjini. Mashindano yalipofanyika, mama alikuwa ndani ya arubaini, kanizaa mimi, hana ruhusa ya kuvuka kizingiti. Televisheni ilikuwepo nyumba ya jirani tu. Baba alirekodiwa Maskati, na siku ya kuonyeshwa watu wote wa nyumba walikwenda kwa jirani, isipokuwa mzazi na kichanga chake. Waliporudi, shangazi yangu, dada yake baba, aliingia chumbani kwa mama akamwambia, "Tumeshinda, wifi, lakini mumeo hakufungua mdomo. Kakaa kama mto wa kochi."

Baba alipofika alisema vyengine. Alisema mwisho wa kipindi walipewa kipaza sauti wasalimie watu wao, naye alimsalimu mama.

"Ulisema nini?" mama akamwuliza.

"Nimesahau. Lakini nilikusalimu."

"Mbona wifi hakusikia?"

"Muziki umenifunika."

Ndani ya nyumba yetu maneno hayo yaliishi kuliko sisi. Baba akichelewa kujibu kitu, mama husema, "Muziki umekufunika?" Baba akisahau kununua nyanya, muziki umemfunika. Tulicheka sote, lakini nilivyokua nikaona kuwa mama hachekei mahali pale pale tunapocheka sisi. Alikuwa msichana mgeni ndani ya nyumba ya mawifi, hajui Kiarabu, na mtu mmoja alidai kumkumbuka mbele ya nchi nzima. Alitaka kujua kama ni kweli. Wala hakuwa na pa kuulizia. Kwa nje ulikuwa mzaha, na baina yake na shangazi lilikuwa jambo lisilotajwa.

Kisha baba akaugua koo. Wakampasua, akapona, sauti ikabaki hospitali. Wakati ule simu zetu zilikuwa za kupiga na kupokea tu, hakuna aliyewahi kuihifadhi sauti yake. Walimpa kijibao cha kuandikia, akakifanya cha kuwekea kikombe. Alikuwa akisema kwa midomo, na mama ndiye aliyemsoma. Sisi wanawe tulishika neno hapa na neno pale. Mama alishika yote. Dukani alisimama pembeni yake akiyatoa kwa sauti anayoyasema baba, na mara nyengine maneno yalizidi.

"Hayo kasema baba au umesema wewe?" tulikuwa tukimwuliza.

"Sote," mama anajibu, na baba anacheka bila sauti, mabega tu yanapanda na kushuka.

Baba alipofariki, mama akaingia eda. Miezi minne na siku kumi. Shangazi akashuka kutoka Al Hamra na sanduku lake kuja kukaa na kizuka, mjane aliye edani, na jambo la kwanza alilolifanya ni kuchukua kanga akaifunika televisheni, akaibana kwa pini kila pembe. Katika nyumba yao, tangu Ujiji, kizuka hatazami wanaume, wa barabarani wala wa kwenye kioo. Nilimwuliza mtu mwenye elimu msikitini, akaniambia sheria haikufunika televisheni, hizo ni desturi za nyumba. Nikazipeleka habari hizo kwa shangazi nikidhani nimepata. Akaniambia, "Basi hii ndiyo nyumba."

Nikapiga simu kutoka Sur. Simu ya mama siku hizo ilikuwa ikipokewa na shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Uko wapi leo?"

"Sur."

"Juzi Nizwa, leo Sur. Wewe hukuzaliwa, ulimwagwa."

Nikamwambia habari ya chaneli. Nikamwambia nimemwona baba kwa macho yangu, na kwamba pambano la Ibra na Nizwa litaonyeshwa wiki hiyo hiyo. Nilisikia tasbihi ikigongana, kisha nikasikia mlango unafungwa. Alikuwa ametoka nje ili mama asisikie.

"Usimwambie," akasema. "Zimebaki siku chache atoke. Mtie kwenye kile kitu chako, mrekodi. Akitoka atatazama mpaka achoke."

"Shangazi, ana haki ya kujua."

"Kujua nini? Ninalolijua mimi nilishamwambia zamani."

Hapo nikajiuliza swali ambalo sikulipenda. Je, shangazi anailinda eda, au anailinda kauli yake?

Siku zilizofuata sikukosa kipindi hata kimoja. Nilikuwa nikifunga kazi mapema, nikiwaambia wateja pampu zao zitangoja. Na hapo ndipo nilipoona jambo lililonikosesha raha. Kila pambano likimalizika, mtangazaji anawapelekea wachezaji kipaza sauti wasalimie watu wao, kama alivyosema baba. Lakini chaneli haikuwa na subira. Nahodha akishamsalimu baba yake na ami zake, muziki wa mwisho unapanda, na kabla kipaza sauti hakijafika kwa mtu wa tatu picha inakatwa, linaingia tangazo la mchele. Siku nyengine walikata kwa mtu wa pili. Timu moja haikupata hata kusalimu. Baba alikuwa amekaa mwisho wa meza. Alikuwa mtu wa tatu.

Nikatafuta mtandaoni, sikupata kitu. Nikawaandikia wenye chaneli, hawakujibu. Kwa hiyo kilichokuwepo ni siku ile moja na wakati ule mmoja, na mtu asiyenijua, mbele ya mashine yake, ndiye atakayeamua akate wapi.

Asubuhi ya siku yenyewe nilitoka Sur mapema. Niliendesha vibaya. Al Kamil nilisimama kutia mafuta, nikaondoka nimeacha kifuniko cha tangi juu ya pampu. Nilifika Ibra adhuhuri. Mama alikuwa amekaa kwenye godoro lake, nguo nyeupe, hana wanja wala udi, mikono imelegea mapajani. Nikambusu kichwa. Akanitazama.

"Una nini?"

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, ananikazia macho. Sikuweza kuficha. Nikamweleza mama yote, mpaka habari ya kukatwa kwa salamu.

Mama akamgeukia shangazi.

"Ulijua, wifi?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Wifi, zimebaki siku chache. Vumilia. Mtoto atarekodi, nawe utatazama kwa raha zako, wala hapana wa kukusema."

"Mimi sitaki kutazama. Nataka niwepo inaposemwa. Ile mara ya kwanza sikuwepo, nilikuwa ndani nanyonyesha huyu."

"Na isiposemwa?"

"Basi nitakuwa nimekuwepo."

Shangazi akakaa. Akaanza kutaja wanaume watakaokuwemo mle ndani: mtangazaji, nahodha, watu wa Nizwa, na wale wa nyuma wanaopiga makofi. Alivyowataja ungesema wanakuja kwa miguu na watahitaji chakula.

"Na sauti je?" mama akauliza. "Kila asubuhi unanifungulia redio nasikiliza Qurani. Msomaji ni mwanamke?"

Shangazi akaitazama redio. Nikatazama sakafu nisicheke, maana siku ile kicheko kingeweza kuharibu kila kitu.

Ikaamuliwa hivi. Mama atakaa chumba cha ndani, pazia limeteremshwa mlangoni. Televisheni itafunuliwa kwa ajili yangu na shangazi. Mimi nitarekodi kwa simu. Hakuna atakayeeleza anachokiona, mama atasikia atakachosikia, basi. Shangazi akatoa pini moja moja akizitia mdomoni, akaikunja kanga. Nikaiegemeza simu kwenye dele la kahawa, nikaijaribu, ikateleza, nikaiegemeza tena. Jasho lilikuwa likinitoka na kiyoyozi kinafanya kazi.

Muziki wa kufungulia ukaanza.

Na kweli akaja. Kilemba chake kimekaa upande, mikono miwili juu ya kitambaa cha kijani kama mwanafunzi. Sikuwa nimewahi kumwona na umri ule. Alikuwa mdogo kuliko mimi. Shangazi alisema "Ya Rabi," polepole, kisha akaanza kuhesabu tasbihi kwa haraka mno, sidhani kama alikuwa akisoma kitu.

Nizwa walianza kwa nguvu. Walikuwa na mzee mmoja aliyeyajua mashairi yote, mtangazaji akianza ubeti yeye keshaumaliza. Timu yetu ilikuwa ikijibu kupitia nahodha, mtu mnene mwenye sauti ya mnadani. Kila swali la nchi na bahari likija, nilikuwa nikimwona baba anainama kumnong'oneza nahodha sikioni, kisha nahodha anajibu kwa kishindo, kisha makofi. Baba anarudi kukaa wima, anatazama mbele.

"Kasema?" mama akauliza kutoka ndani.

Tulikubaliana nisieleze. Nikaeleza. "Kamnong'oneza nahodha."

"Aa. Kiarabu chake alikuwa akikionea haya. Alikuwa akidhani watamcheka."

"Nilisema mimi," shangazi akasema. "Hakufungua mdomo."

"Kipindi hakijesha, wifi."

Ukawa mchezo wa kuvutana. Kibao cha Nizwa kinageuzwa, kibao chetu kinageuzwa. Nilikuwa najua matokeo tangu nikiwa mtoto, na bado magoti yangu yalikuwa yakienda kama ya watu wale wa nyuma ya meza. Wakafika swali la mwisho, pointi sawasawa. Mtangazaji akasogeza kadi mbali kidogo na macho, akauliza ziwa refu kuliko yote barani Afrika.

Baba hakuinama kunong'ona. Alimshika nahodha mkono kwa nguvu, kama anayemzuia asivuke njia. Nahodha akamtegea sikio, akapiga kengele, akalitaja ziwa. Kibao kikageuka.

"Ziwa letu!" shangazi akapiga kelele. "Kaoga mle! Mimi nikimshikia nguo!" Akasahau tasbihi, ikaanguka.

"Wifi," mama akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nyamaza. Salamu sasa."

Mtangazaji akashuka na kipaza sauti chake. Nahodha akakishika kwa mikono miwili, akaanza. Alimsalimu baba yake, ami yake mkubwa, ami yake mdogo, wazee wa mtaa, vijana wa mtaa, mwalimu wake, walio safarini, na wagonjwa wote. Nilitaka kuingia mle ndani nimpokonye. Mtangazaji alikuwa akimtazama mtu wa pembeni asiyeonekana, na muziki ukaanza, mdogo kwanza. Kipaza sauti kikaenda kwa mtu wa pili. Mungu ampe kheri popote alipo, yule alisema salamu alaikum tu, akakisukuma mbele. Muziki ukapanda. Nilikuwa nimeshika ukingo wa godoro kwa mikono yote miwili.

Kipaza sauti kikafika kwa baba. Kamera ikamsogelea mpaka uso wake ukajaa kioo. Akakikaribia mno, akarudi nyuma kidogo. Akatazama moja kwa moja mbele, kwetu. Midomo yake ikafunguka, ikasema kitu, ikatulia, ikasema kitu chengine. Na muziki ulikuwa umeshajaa chumba kizima, ngoma na fidla na vyote vyao, hapakupenya hata herufi. Kisha likaingia tangazo la sabuni ya unga.

Sikuzima. Mwanamke wa kwenye tangazo alikuwa akianika mashuka juu ya paa.

"Kasema?" mama akauliza.

Nikamtazama shangazi, naye alikuwa akitazama yale mashuka.

"Jamani, nawauliza. Kasema?"

"Kasema, mama," nikajibu. "Muziki umemfunika."

Hakuuliza tena. Nilifikiri analia. Nikafikiri labda nimemfanyia ubaya mkubwa, nimetoka Sur kuja kumletea muziki ule ule.

Shangazi ndiye aliyesema kwanza, na alisema kwa sauti ya chini, akiwa kama anazungumza na kanga iliyokunjwa mapajani mwake. "Siku ile tulianza vigelegele. Liliposemwa lile ziwa tu, nyumba nzima vigelegele, watu wanakumbatiana. Hakuna aliyeangalia tena. Mimi nilimwambia nilichosikia." Akaokota tasbihi. "Sikumwambia uongo."

"Hakuna aliyesema uongo, shangazi."

"Basi alisema nini?"

Hilo ndilo lililonizindua. Nikaichukua simu kutoka kwenye dele. Ilikuwa imerekodi vizuri, picha imepinda kidogo. Nikarudisha mpaka pale uso unapojaa kioo, nikazima sauti, tukaiinamia mimi na shangazi. Midomo ilikuwa ikienda. Niliona labda "na", mwanzoni. Basi.

"Yuko mtu mmoja tu anayeweza kuisoma midomo hii," nikasema.

Shangazi hakunitazama. Alijua nimefika wapi. Baba alikuwa kaka yake, na miaka yote ile ya ugonjwa shangazi mwenyewe alikuwa akimwuliza mama, kasema nini, kasema nini. Kidole gumba chake kilikuwa kikisukuma tasbihi bila kuhesabu. Kisha akaninyang'anya simu.

"Onyesha nione. Pana mtu mwengine hapa?"

"Hapana, shangazi. Yeye peke yake."

"Na hiki?"

"Hilo ni sikio la mtangazaji."

"Sikio la nani? Si la mumewe."

"Ni sikio tu."

"Sikio lina mwenyewe." Akaweka kidole gumba juu ya pembe ya kioo, akalifunika sikio pamoja na bega, akahakikisha. Akainuka kwa shida, akaliinua pazia kwa mkono mwengine, akaingia. Nikamfuata.

Mama alikuwa amekaa pembezoni mwa kitanda, mgongo umenyooka. Hakuwa akilia. Shangazi akakaa ubavuni kwake, akaishika simu mbele yake kwa kidole kile kile.

"Tazama, wifi. Halali yako huyu."

Mama akatazama. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mbona mtoto huyu." Akagusa ndevu kwa ncha ya kidole, picha ikasimama, ikabidi niianzishe upya. Akatazama tena. Safari hii midomo yake mwenyewe ilianza kwenda pamoja na ya baba, kama ilivyokuwa dukani, kama ilivyokuwa mezani, wakati alipokuwa akiyaokota maneno yake na kutupa sisi. Tuliisubiri sauti. Haikuja. Akaomba tena.

"Wifi, sema basi, moyo utanitoka."

Mama akainua macho. Alikuwa anacheka, na machozi yalikuwa yameanza kushuka pembeni, hakuyafuta.

"Anasema, kwa Kiswahili chetu: na aliye ndani, nakusalimu. Kisha anasema: vumilia, zimebaki chache."

Nilimwona shangazi anakunja uso. Nami nilikumbuka. Hayo ya mwisho yalikuwa karibu maneno yake mwenyewe, ya adhuhuri ile ile, pale kwenye godoro.

"Hayo kasema yeye," akauliza polepole, "au umesema wewe?"

Ni swali tulilokuwa tukimwuliza mama tangu baba apoteze sauti, kwa mzaha. Shangazi hakuwa akifanya mzaha. Nikaona namna mama alivyoacha kucheka, na nikaogopa kuwa ugomvi ule wa zamani sasa ndio unaanza upya, hapa hapa kitandani, na baba katikati, hawezi kumwamua mtu.

Mama akamsogezea simu. "Mtazame mwenyewe. Mwisho wake. Tazama meno."

Nikaianzisha upya. Mama akawa analitamka lile neno taratibu, bila sauti, karibu na uso wa shangazi, na shangazi akawa anatazama mdomo wa mama, kisha kioo, kisha mdomo wa mama. Chache. Meno yanakutana, yanaachana, yanakutana. Chache.

"Chache," shangazi akasema. "Walai, chache." Kisha, kama mtu aliyeibiwa, "Arubaini yako ilikuwa imebaki wiki! Mimi ndiye niliyekuwa nikikuhesabia! Yeye alijuaje?"

"Alikuwa akihesabu na yeye," mama akajibu.

Shangazi akaondoa kidole gumba kwenye kioo ili ajifute macho. Sikio la mtangazaji likaonekana, wala hakuna aliyelisema.

Waliendelea kumtazama. Walibishana kama kilemba kile alifungiwa na nani, maana kilifungwa vibaya. Shangazi akasema si yeye. Mama akasema yeye alikuwa kitandani, basi nani? Nikawaacha nikatoka kwenda kuifunika televisheni. Nilichukua kanga, nikatafuta pini, nikaibana pembe zote kama nilivyoikuta. Ufunguo wa gari ulikuwa umekaa juu ya sinia, pembeni ya dele. Jioni ile nilitakiwa niwe njiani, kesho asubuhi kulikuwa na mzigo unanisubiri Sur.

Nikausikia mlio wa simu yangu kutoka chumba cha ndani.

"We mtoto!" shangazi akaita. "Jina la mtu limeingia juu ya uso wa kaka yangu! Litoe!"

Nikainua pazia. Mama alikuwa ameikamata simu kwa mikono miwili, hana nia ya kuiachia. Ilikuwa ikilia na kutetema.

"Nani huyu?" akauliza.

"Kazini. Sur. Wanataka kujua naondoka saa ngapi."

Mama akanitazama kama mtu anayesoma kitu ambacho hakijatamkwa. Kisha akanipa simu, lakini akabaki ameishika pembe moja.

"Wambie uko ndani," akasema. "Wambie zimebaki chache."